Pikapu na Amplifaya Zisipopatana: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko ya wapiga gitaa la umeme ni yaleyale. Gitaa lilisikika safi kwa mwenzako, likifika kwenye amplifaya yako linatoa tope. Au umefunga pikapu (sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zenye nguvu, na sasa hata sauti safi inapasuka. Au mvumo haukomi. Wengi hukimbilia kununua pikapu nyingine, ilhali kati ya sumaku na spika kuna mambo kadhaa yanayorekebishwa bila gharama: umbali wa pikapu na nyuzi, volyumu ya gitaa, tundu ulilochomeka waya, na waya wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na bisibisi, kisha chuma cha kulehemu, na dukani ni mwisho.

Kabla ya kulaumu chochote

Ondoa pedali zote. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi unaouamini. Weka volyumu na toni za gitaa kwenye 10, na nobu za besi, kati na trebo katikati. Sikiliza. Kisha chomoa waya kwenye amplifaya kabisa: kelele ikibaki vilevile, gitaa halina kosa. Kelele ikitoweka, badilisha waya, halafu jaribu gitaa lingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichotibu ni kipi.

Jua pia una pikapu gani. Chomeka waya kwenye gitaa, weka volyumu kwenye 10, chagua pikapu moja, kisha pima kwa mita ya umeme kati ya ncha na shingo ya jeki iliyo upande wa pili wa waya. Pikapu ya koili moja ya aina ya Stratocaster husoma takriban kilo-omu 5.5 hadi 7. Hambaka (pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo) ya mtindo wa zamani, ile iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950, husoma kama 7 hadi 9. Hambaka kali za kisasa hupita 12. Namba hizi zitumie kujua kama koili ni nzima, wala usizitumie kushindanisha nguvu: waya mwembamba zaidi hupandisha omu bila kuongeza sauti kwa kiasi hichohicho. Pikapu aktivu, zenye betri, hazipimwi hivi.

Dalili: sauti ni tope, noti haziachani

Hili ndilo lalamiko kubwa la wenye hambaka. Anza na chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi.

Pikapu ya shingoni iko karibu mno na nyuzi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Kwa hambaka, anzia milimita 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Ikiwa shingoni bado kuna tope, teremsha upande wa nyuzi nene hadi milimita 3 au zaidi. Usiogope. Sauti itapungua kidogo lakini noti zitafunguka, na kilichopungua utakirudisha kwa volyumu ya amplifaya.

Besi na geini (nobu ya kukuza ishara hadi ikwaruze) zimezidi. Besi ikiwa nyingi kabla ya hatua inayoikwaruza sauti, noti huzama kwenye tope. Kadiri unavyopandisha geini, punguza besi. Hambaka kali kwenye amplifaya yenye geini kubwa mara nyingi hutaka besi iwe chini ya nusu, na kati iwe juu kuliko mazoea. Wale wanaozima kati kabisa kwa sababu inapendeza chumbani hushangaa kwa nini hawasikiki wakipiga na ngoma.

Nyuzi zimechakaa. Pita haraka hapa: ikiwa hukumbuki ulizibadilisha lini, zibadilishe kwanza.

Waya ni mrefu. Hapa watu hudharau, na ndipo pana mengi ya kueleza. Waya wa gitaa hubeba kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kapasitansi hiyo ikikutana na koili ya pikapu hujenga kilele cha sauti, na juu ya kilele hicho trebo huanguka. Hambaka ya henri 4.5 yenye waya wa mita 3 huwa na kilele kwenye hezi 3,700 hivi. Weka waya wa mita 7 na kilele kinateremka hadi karibu hezi 2,700. Gitaa ni lilelile, pikapu ni ileile, ila sasa linasikika kama lina blanketi juu yake. Ndiyo maana mtu hufurahia pikapu nyumbani na kuzichukia jukwaani. Dawa ni waya mfupi, au pedali yenye bafa (saketi inayoilinda ishara isipoteze trebo) iliyo karibu na gitaa.

Tundu si sahihi. Pikapu za kawaida zinahitaji kuingia kwenye tundu lenye upinzani mkubwa, kwa kawaida megaomu 1. Ukichomeka gitaa kwenye tundu la laini la mikisa au la kifaa cha kurekodia, ambalo huwa na kilo-omu 10 hadi 50 tu, trebo inamezwa palepale. Tafuta tundu au swichi iliyoandikwa INST au Hi-Z.

Poti hazilingani na pikapu. Poti ni ile rezista inayozungushwa chini ya nobu. Hambaka huzoea poti za kilo-omu 500, koili moja 250. Ukifunga hambaka kwenye gitaa lililoundwa kwa koili moja bila kugusa poti, sauti itazibika kiasi. Kubadilisha ni kazi ya chuma cha kulehemu, lakini ni nafuu kuliko pikapu mpya.

Ukipitia haya yote na tope likabaki, hapo ndipo ninakubali kwamba huenda pikapu ni kali kuliko amplifaya inavyohitaji. Amplifaya ambayo tayari ina geini nyingi haihitaji pikapu ya kilo-omu 16. Hupendeza zaidi ikipewa pikapu ya wastani, kazi ya kukwaruza ikafanywa na amplifaya yenyewe.

Dalili: sauti nyembamba, imekosa mwili

Uliza swali moja: ni nyembamba kwa kila pikapu, au pale tu mbili zinapochaguliwa pamoja?

Ikiwa ni mbili kwa pamoja tu, zinapingana kifezi: moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi zinafutana. Hutokea sana mtu anapochanganya pikapu za watengenezaji wawili. Ili kuhakikisha, chagua pikapu moja, unganisha mita kama ulivyopima mwanzo, kisha gusisha ncha ya bisibisi ya chuma kwenye nguzo zake (vichwa vya chuma vilivyo chini ya nyuzi) na uangalie kama namba inapanda au inashuka. Rudia kwa pikapu ya pili. Zikienda pande tofauti, umepata jibu. Dawa ni kugeuza nyaya mbili za pikapu moja. Tahadhari: kama pikapu ina kifuniko cha chuma kilichounganishwa na waya wa ethi, usigeuze hovyo, maana kifuniko kitageuka kuwa antena na kuvuma kila ukikigusa. Kifuniko kinapaswa kutenganishwa kwanza na kupewa waya wake wa ethi.

Ikiwa ni nyembamba kwa pikapu moja tu, ipime. Hambaka iliyokuwa ikisoma 8 na sasa inasoma 4 ina koili moja iliyozimwa, au swichi ya kugawa koili imevutwa bila wewe kujua. Hilo la swichi ni la kwanza kutazama. Nobu nyingi huvutwa kwa bahati mbaya. Mita ikisoma omu za poti tu, yaani kilo-omu 250 au 500 hivi, koili imekatika ndani, na sauti hafifu unayoisikia inapenya tu kupitia kapasitansi. Kufuma koili upya ni kazi ya fundi wa pikapu, kwani waya wake ni mwembamba kama unywele na hukatika kwa kuguswa.

Ikiwa kila pikapu inasikika nyembamba, rudi kwenye amplifaya: trebo nyingi, spika ndogo, au amplifaya ang'avu iliyokutana na koili moja ya darajani. Punguza toni ya gitaa hadi 7 au 6. Nobu hiyo haikuwekwa kwa mapambo.

Dalili: mvumo

Usiseme tu "inavuma". Kuna mivumo ya namna nyingi, na kila mmoja una mwenyewe.

*Mvumo unaobadilika ukigeuka.* Simama na gitaa, jigeuze polepole robo ya duara. Kelele ikipanda na kushuka, ni koili moja inayonasa uga wa sumaku kutoka kwenye transfoma, taa za kupunguza mwanga, chaja au skrini. Hiyo ni tabia ya koili moja, ikiwemo P-90, ambayo watu huidhania hambaka kwa sababu ya unene wake. Kaa mbali na amplifaya, zima kinachoweza kuzimwa, punguza geini. Kwenye gitaa lenye pikapu tatu, jaribu nafasi ya pili na ya nne ya swichi: kama pikapu ya katikati imefumwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, mvumo utazimika. Hapa ndipo kutolingana na amplifaya kunapoonekana wazi. Koili moja za zamani kwenye amplifaya ya geini kubwa zitavuma daima, na geti ya kelele (kifaa kinachokata sauti ndogo) huficha mvumo ukiwa umenyamaza tu, si ukiwa unapiga. Kama sauti ya geini kubwa ndiyo unayoitaka, tumia hambaka, au hambaka iliyobanwa ikaingia kwenye nafasi ya koili moja.

*Mnguruno mkali unaopungua ukigusa nyuzi.* Ethi ya nyuzi inafanya kazi. Kinachokosekana ni kinga ndani ya mwili wa gitaa. Bandika karatasi ya shaba kwenye matundu yote ya ndani, vipande vyote vigusane, kisha viunganishe na ethi. Hakikisha haigusi ncha ya moto ya jeki, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa.

*Mnguruno unaozidi ukigusa nyuzi.* Mara nyingi nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi. Fungua kisahani cha jeki utazame: waya wa ethi unapaswa kwenda kwenye pete ya shingo, waya wa moto kwenye ulimi unaogusa ncha.

Hapa simama kidogo. Ukihisi ganzi au mtekenyo wa umeme mkononi, au mdomoni unapogusa maikrofoni ukiwa umeshika nyuzi, usijaribu mara ya pili. Chomoa amplifaya ukutani. Hitilafu hiyo iko kwenye ethi ya amplifaya, ya soketi au ya mfumo mwingine wa sauti, na imewahi kuua wanamuziki. Mwite fundi umeme. Kamwe usikate wala kuziba mguu wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Utanyamazisha kelele kwa kuondoa kinga ya uhai wako.

*Mvumo unaokuja ukiunganisha vifaa viwili vyenye umeme wa ukutani.* Ni mzunguko wa ethi. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Mvumo ukiendelea, tumia kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha ishara.

*Mvumo uliopo hata bila waya wowote.* Ukiwa na masafa mara mbili ya yale ya umeme wa ukutani, yaani hezi 100 au 120, na haubadiliki ukishusha volyumu, kapasita za kuchuja za amplifaya huenda zimechoka. Usifungue amplifaya ya vali (ile yenye mirija ya kioo inayokuza ishara). Ndani kuna volti mia kadhaa, na kapasita hushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Dalili: sauti safi inapasuka

Umefunga hambaka kali, umeweka geini chini, lakini ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu inakwaruza. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Pikapu inaifurika hatua ya kwanza ya amplifaya, ambayo iko kabla ya nobu ya geini, kwa hiyo nobu haiwezi kuizuia. Shusha pikapu kwa milimita moja. Haitoshi? Weka volyumu ya gitaa kwenye 7. Haitoshi? Kama amplifaya ina matundu mawili, tumia la pili, lile la Low. Kwenye amplifaya nyingi za mtindo wa Fender tundu hilo hupunguza ishara kwa desibeli 6, yaani nusu ya volti. Fahamu tu kwamba upinzani wake pia ni mdogo, hivyo pikapu za kawaida hupoteza ung'avu kidogo. Kwa pikapu aktivu hilo halina madhara.

Kama pikapu ni aktivu, tazama betri kabla ya yote. Betri ya volti 9 inayokufa hutoa mpasuko mbaya, mkavu, kisha sauti hafifu, kisha kimya. Saketi huwashwa na kuchomekwa kwa waya: ukiuacha waya kwenye gitaa usiku kucha, betri inatumika usiku kucha.

Ikiwa mpasuko upo kwa kila gitaa na hata kwa sauti ndogo, mara nyingi chanzo ni spika iliyochanika au vali iliyochoka. Ukisikia mtetemo wa karatasi kwa noti fulani tu, zungusha mkono nyuma ya kabati la spika kwanza. Skrubu iliyolegea imeshawaponza wengi.

Dalili: haina nguvu, amplifaya haikwaruzi

Hapa ni kinyume, na sababu ni rahisi zaidi: umechomeka kwenye tundu la Low, pikapu iko mbali mno, betri imeisha, au umefunga nyuzi za shaba za gitaa lisilo la umeme. Nyuzi za shaba hutoa ishara hafifu kwa sababu pikapu husikia chuma chenye sumaku tu. Ndani yake ni kiini cha uzi pekee kinachohesabika. Kama yote yako sawa na pikapu ni za zamani, pedali ya kuongeza nguvu itafanya kazi ambayo pikapu mpya ingefanya, tena inazimika ukitaka.

Uzi mmoja ukipiga kelele kuliko wenzake, tazama nguzo. Kwenye pikapu za mtindo wa Stratocaster ya miaka ya 1950, nguzo ya uzi wa tatu imeinuliwa kwa sababu enzi hizo uzi huo ulikuwa wa kuzungushiwa. Kwa nyuzi za leo unapiga mayowe. Usigonge nguzo hiyo chini kwa nyundo: kwenye pikapu nyingi za aina hii koili imezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na utaikata. Inamisha pikapu nzima, au chagua zenye nguzo za usawa mmoja.

Dalili: tyuna inasema sawa, masikio yanakataa

Noti za uzi mnene juu ya freti ya 12 zinayumba, kama kuna noti mbili ndani ya moja. Sumaku zinavuta nyuzi. Koili moja zenye nguzo za sumaku ndizo husumbua zaidi. Anzia milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2.0 upande wa uzi mwembamba, ukibonyeza freti ya mwisho. Zikiyumba bado, shusha zaidi. Fanya hivi kabla ya kurekebisha intonesheni (usahihi wa noti kwenye freti zote), maana hutaweza kupima kitu kinachoyumba. Kisha linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti iliyobonyezwa hapohapo: noti ikiwa juu, sogeza tandiko la daraja (kipande kinachoshika uzi) nyuma, ikiwa chini, lisogeze mbele.

Dalili: mlio mkali usiozuilika

Fidibaki (sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa) nzuri hutoka kwenye nyuzi na hukoma ukizishika zote kwa kiganja. Mlio unaoendelea ukiwa umezishika unatoka kwenye pikapu yenyewe: koili au kifuniko kinatetemeka kama maikrofoni. Punguza geini, sogea mbali na spika, kaza skrubu na springi za pikapu. Gonga pikapu kwa kucha. Mlio wa kugonga ukisikika kwa nguvu kwenye spika, inahitaji kuzamishwa kwenye nta. Mpe fundi. Nta ya moto hushika moto, na joto likizidi kidogo plastiki ya koili inapinda.

Dalili: mkwaruzo ukizungusha volyumu

Poti ina vumbi. Pulizia dawa ya kusafishia nobu za elektroniki na uzungushe mara nyingi. Ikiwa mkwaruzo unatokea kwenye amplifaya moja tu, kwa kila gitaa, huenda umeme wa DC unavuja kutoka ndani ya amplifaya. Hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili: harufu ya kuungua, fyuzi kukatika, sauti kuzimika

Zima. Usibadilishe fyuzi kwa yenye ampea kubwa zaidi ili "ipite". Wakati unasubiri fundi, kagua mambo mawili ya nje tu. Je, spika iliunganishwa? Amplifaya ya vali ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya kutolea. Na je, omu za kabati zinalingana na tundu lililoandikwa 4, 8 au 16? Kagua pia waya kati ya kichwa cha amplifaya na kabati: lazima uwe waya wa spika. Waya wa gitaa una kiini chembamba na hupata moto, ingawa jeki zake zinafanana.

Ukimpelekea fundi, mpe na gitaa lako na waya wako, umwambie dalili inatokea kwa pikapu ipi, kwa tundu lipi, na ikiwa inabadilika ukigusa nyuzi.